Pua Iliyoziba Upande Mmoja: Fahamu Ukuta wa Pua na Tiba Yake

Wako watu wengi katika miji yetu wasiokumbuka ni lini walivuta pumzi sawasawa kwa matundu yote mawili ya pua. Usiku hulala kinywa wazi, na alfajiri huamka koo limekauka na kichwa kizito. Mchana hutembea na kichupa cha dawa ya matone mfukoni kama vile mtu mwingine atembeavyo na leso. Walio nao nyumbani huwalalamikia kwa kukoroma. Wao wenyewe hujiambia kwamba ni mafua tu, ingawa mafua hayo hayaishi, mwaka nenda mwaka rudi.

Baadhi ya watu hao hawana mafua hata kidogo. Shida yao ni ule ukuta mwembamba unaoigawa pua pande mbili, ambao badala ya kusimama wima katikati umepinda na kuegemea upande mmoja. Wengine ukuta wao hauna kasoro ya maana, na kinachowaziba ni vumbi, mzio, au ile ile dawa wanayoitumia kujizibua. Asiyeyatofautisha makundi haya mawili huzunguka miaka mingi kutoka duka moja la dawa hadi jingine, akinunua tiba ya maradhi asiyokuwa nayo. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kulitambua kundi lake, kujua lini aende hospitali, na hasa kulijua jambo moja la pua ambalo halikubali kungoja hata kesho.

UKUTA HUU UKOJE?

Ndugu msomaji, shika sehemu ya katikati chini ya ncha ya pua yako kwa vidole viwili na kuitikisa taratibu. Ndani yake utahisi kitu kigumu kiasi, lakini chenye kunyumbuka kama sikio. Hiyo ni gegedu, nayo ndiyo sehemu ya mbele ya ukuta tunaouzungumzia. Nyuma yake, mahali ambapo kidole hakifiki, ukuta unaendelezwa na mifupa miwili myembamba: mmoja unashuka kutoka juu, chini ya ubongo, na mwingine umesimama juu ya kaakaa. Ukuta wote, gegedu na mifupa, umefunikwa kwa utando laini, wenye unyevu na mishipa mingi ya damu.

Gegedu yenyewe haina mishipa ya damu. Chakula chake chote huupata kutoka katika utando ulioshikamana nayo pande zote mbili. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo litakaloeleza hatari tutakayoitaja mbele.

Mkabala na ukuta, katika kila tundu, iko mikunjo mitatu ya mifupa iliyovikwa nyama laini. Kazi yake ni kuipasha hewa joto, kuipa unyevu na kunasa vumbi kabla hewa haijafika mapafuni. Watu wengi wakiona nyama hizo kwa kurunzi huingiwa na hofu wakidhani kuna uvimbe umeota, kumbe ni viungo halali kama vilivyo vidole vya mkono. Mikunjo hiyo huvimba na kunywea kwa zamu. Mwaka 1895 daktari wa Kijerumani, Richard Kayser, alieleza jinsi upande mmoja wa pua unavyojaa huku wa pili ukifunguka, kisha baada ya saa chache pande hizo hubadilishana zamu. Mwenye pua yenye nafasi ya kutosha hatambui mabadiliko hayo. Aidha, mtu akilala ubavu, upande wa chini huziba zaidi, na akigeuka huzibuka.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kanuni ya kwanza. Pua inayoziba mara kulia mara kushoto, kwa kawaida shida yake iko katika nyama na utando, ambavyo huvimba na kunywea. Pua inayoziba upande ule ule mmoja, asubuhi na jioni, kiangazi na masika, ndiyo inayotia shaka kwamba kuna kitu kisichosogea, na ukuta uliopinda ni mmojawapo wa vitu hivyo.

KWA NINI UNAPINDA?

Kwanza kabisa, ifahamike kwamba ukuta ulionyooka barabara ni nadra. Watu wazima walio wengi wana ukuta uliopinda kidogo mahali fulani, na wataishi na kuzeeka bila kujua, kwa kuwa hewa inapita. Kupinda peke yake si ugonjwa. Huwa ugonjwa pale kunapomnyima mtu pumzi, usingizi au afya.

Wengine huzaliwa nao hivyo. Mtoto anapopita katika njia ya uzazi pua yake inaweza kubanwa na kwenda upande. Mara nyingi pua ya namna hiyo hujinyoosha yenyewe katika siku za mwanzo. Hata hivyo, mtoto mchanga hutegemea sana pua katika kupumua; kwa hiyo akihangaika kupumua anaponyonya, au akibadilika rangi, mama asingoje siku ya kliniki bali ampeleke hospitali mara moja.

Wengine hupindika katika kukua. Ukuta hukua pamoja na mifupa ya uso iliyo juu na chini yake, na ikiwa mwendo wa ukuaji haukulingana, gegedu hukosa nafasi ikajikunja.

Kundi la tatu ni la walioumia: mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni, mchezaji aliyegongwa kwa kiwiko, abiria wa bodaboda, fundi aliyepigwa na ubao, na kwa masikitiko, mke au mtoto aliyepigwa ngumi nyumbani. Mara nyingi tukio lenyewe limekwisha sahaulika. Pua ilitoka damu, damu ikakatika, na hakuna aliyefikiri zaidi.

DALILI ZAKE

Dalili kubwa ni kuziba kwa upande mmoja kusikoisha. Nyuma yake hufuatana nyingine: kupumua kwa kinywa, koo kukauka, kukoroma, kuamka na uchovu, na damu ya pua ya mara kwa mara. Damu hutoka kwa sababu hewa inayopita kwa kasi mahali palipobana huukausha utando, nao ukipasuka hutoa damu. Pengine mahali palipochongoka pa ukuta hugusa nyama za upande wa pili na kuleta maumivu ya uso. Wako pia wanaougua mara kwa mara uvimbe wa sainasi, yaani mapango ya hewa yaliyomo katika mifupa ya uso.

Liko jambo moja linalowashangaza wengi. Mgonjwa anaweza kulalamikia tundu lililo pana, si lile lililobanwa. Sababu ni kwamba miaka inapopita, nyama za upande ulio mpana huongezeka unene kana kwamba zinaijaza nafasi iliyozidi. Mgonjwa amekwisha zoea ufinyu wa upande mmoja. Anachokihisi ni ufinyu mpya wa upande wa pili.

Msomaji anaweza kujipima nyumbani kwa njia rahisi. Chukua kioo kidogo kilicho baridi, kishike chini ya pua, funga kinywa, kisha toa pumzi taratibu. Utaona madoa mawili ya ukungu juu ya kioo. Yalinganishe. Rudia asubuhi, adhuhuri na usiku kwa siku kadhaa, kwa sababu ya zile zamu tulizozieleza. Ikiwa doa la upande mmoja ni dogo kila mara, una jambo la kumweleza daktari. Kipimo hiki hakithibitishi ugonjwa, lakini kinamsaidia mtu asende hospitali na maneno matupu ya “pua inanisumbua”.

Daktari naye atatazama ndani ya pua kwa taa na kifaa cha kupanulia tundu. Akihitaji kuona nyuma zaidi atatumia kijibomba chembamba chenye taa na lenzi. Picha za mionzi si lazima kwa kila mgonjwa. Hupigwa hasa pale ambapo daktari ana shaka juu ya sainasi au uvimbe. Zaidi ya kupinda kwa ukuta, daktari hutafuta yasiyohusiana nao: mzio, vinyama laini vilivyoota puani, au kwa watoto, nyama za nyuma ya pua zilizokua kupita kiasi. Mtoto mdogo anayetoka usaha wenye harufu mbaya kwa tundu moja tu, mara nyingi amejitia kitu puani, kama punje ya mahindi, ushanga au kipande cha sifongo. Ikiwa inadhaniwa amejitia betri ndogo ya duara kama ya saa au ya kichezeo, akimbizwe hospitali saa ile ile, kwa maana betri huunguza nyama kwa muda mfupi. Na mtu mzima ambaye upande mmoja umeanza kuziba hivi karibuni, hasa ukitoa kamasi zenye damu, asijipe jina la ugonjwa mwenyewe, bali aende achunguzwe, kwa sababu uvimbe wa hatari huanza vivyo hivyo.

PIGO LA PUANI HALINGOJI KESHO

Hapa ndipo tunapofika kwenye lile jambo lisilokubali kungoja. Chukua mfano wa mtoto aliyepigwa na mpira puani jioni. Analia, damu inatoka, mama anamwosha uso, damu inakatika. Kwa nje pua imevimba kidogo tu. Usiku mtoto anasema hawezi kupumua kwa pua, pande zote mbili. Wazazi wanadhani ni damu iliyoganda, na wanampa dawa ya maumivu alale.

Huenda kweli ni damu iliyoganda. Lakini yawezekana pia damu imejikusanya ndani ya ukuta wenyewe, kati ya gegedu na ule utando unaoilisha. Msomaji akumbuke kwamba gegedu haina mishipa yake ya damu. Utando ukiinuliwa na damu na kutengana nayo, gegedu inakosa chakula. Inaweza kuanza kufa katika muda wa siku 1 hadi 3. Damu iliyokusanyika huweza kuingiwa na vijidudu ikawa jipu, na usaha wa mahali hapo unaweza kusambaa hata kufikia ubongo. Mtoto akisalimika, pua ambayo gegedu yake imeyeyuka hubonyea katikati kama tandiko la farasi, na kasoro hiyo hukua pamoja naye.

Tiba ya mapema ni ndogo mno ikilinganishwa na madhara hayo. Daktari hupasua utando kidogo, huitoa damu, huubana utando urudi mahali pake, na humpa mgonjwa dawa za kuzuia vijidudu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika habari ya pua, ukuta ulioyeyuka hujengwa kwa shida kubwa, kwa gegedu iliyochukuliwa sikioni au mbavuni mwa mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo kila aliyepigwa puani, awe mtoto au mtu mzima, atazamwe ndani ya pua kwa kurunzi. Ukiona uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, uliotokeza kutoka katikati upande mmoja au pande zote mbili. Au pua ikiziba zaidi na maumivu yakizidi badala ya kupungua. Au homa ikianza, nenda hospitali usiku huo huo. Vilevile nenda haraka ikiwa pua inatoa maji meupe yanayochuruzika baada ya pigo la kichwa, kwani hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Hata pua iliyokwenda upande bila hatari hizo ina muda wake: mifupa iliyovunjika hurudishwa kwa urahisi katika wiki 1 hadi 2 za mwanzo, na kwa mtoto mapema zaidi, kabla haijaunga vibaya.

Damu ya pua yenyewe isitiwe vitambaa ovyo, wala kichwa kisilazwe nyuma. Mgonjwa akae wima na kuinama mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, na apumue kwa kinywa. Ikiwa damu haikatiki baada ya hapo, apelekwe hospitali.

MTEGO WA KICHUPA CHA MATONE

Turudi kwa yule aliyezibwa miaka mingi. Madukani ziko dawa za matone na za kupuliza zinazozibua pua katika dakika chache, kama zile zenye oksimetazolini, zailometazolini au efedrini. Hufanya kazi kwa kuikaza mishipa ya damu ndani ya nyama za pua, nyama zikanywea. Kwa mafua ya siku tatu ni msaada wa kweli.

Lakini zikitumiwa kwa muda mrefu, nyama huzoea. Dawa inapoisha nguvu, mishipa hulegea kupita ilivyokuwa mwanzo, na pua huziba kuliko awali. Mtu huongeza tone, kisha jingine. Alianza mara mbili kwa siku. Sasa hawezi kulala bila kichupa chini ya mto. Ukuta wake unaweza kuwa umenyooka kabisa, na ugonjwa alionao umetengenezwa na dawa yenyewe. Ndiyo sababu wataalamu husema dawa hizi zisizidi siku 3 hadi 5 mfululizo. Wenye shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, pamoja na mama wajawazito, wamuulize daktari kwanza, na watoto wadogo wasipewe bila maagizo yake.

Aliyekwisha kunaswa asikate tamaa. Akiacha dawa hiyo, siku za mwanzo zitakuwa ngumu, lakini pua hurejea katika hali yake baada ya siku au wiki kadhaa. Wengine huacha tundu moja kwanza, lile jingine baadaye. Daktari anaweza kumpa dawa ya kumvusha katika kipindi hicho.

Mama mjamzito naye ajue kwamba pua yake inaweza kuziba kwa ajili ya mabadiliko ya mwili, bila mafua wala kasoro ya ukuta. Hali hiyo huondoka yenyewe baada ya kujifungua, kwa kawaida katika wiki 2.

DAWA ZINAZOFAA NA MIPAKA YAKE

Hakuna dawa inayonyoosha ukuta uliopinda. Anayeuza mafuta au unga wa kuunyoosha anauza maneno. Hata hivyo dawa zina nafasi yake, kwa sababu mara nyingi kinachomzidi mgonjwa si kupinda peke yake, bali ni kupinda pamoja na utando uliovimba. Utando ukinywea, nafasi iliyobaki inaweza kutosha.

Ya kwanza ni maji ya chumvi ya kusafishia pua. Chukua kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupoa, kiasi cha mililita 250, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi safi. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasitumike kuoshea pua. Ya pili ni dawa za kupuliza zenye steroidi, ambazo hazina uhusiano na zile za kuzibua haraka. Hizi hazileti nafuu kwa dakika. Hutumiwa kila siku na matokeo yake huonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki chache. Wengi huziacha mapema wakisema hazifai. Anayepuliza ashike chupa kwa mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, na wa kulia kwa tundu la kushoto, ili dawa ielekee upande wa sikio na isiupige ukuta wa katikati, maana huko huweza kuleta damu. Mwenye mzio atapewa pia dawa za mzio.

Mazingira nayo yasisahauliwe. Mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, cha mbao, cha unga au cha nguo anavuta vumbi kutwa nzima, na hata akipasuliwa, utando wake utaendelea kuvimba ikiwa vumbi halikuzuiwa. Barakoa inayofaa ni haki yake kuidai na ni wajibu wake kuivaa. Nyumbani, moshi wa kuni, wa mkaa na wa sigara huizuru pua kama unavyoyazuru mapafu.

LINI UPASUAJI UNAFAA?

Upasuaji humfaa yule ambaye ukuta wake umepinda kweli, ambaye upinde huo unalingana na malalamiko yake, na ambaye ametumia dawa ipasavyo asipate nafuu ya kutosha. Usiufuate kwa sababu tu umeambiwa ukuta wako umepinda.

Ufundi huu una historia ndefu. Wamisri wa kale, katika mafunjo ya tiba yaliyoandikwa miaka 3,600 hivi iliyopita, walieleza jinsi ya kutibu pua iliyovunjika kwa kutia vizibo vya kitani ndani yake. Katika karne ya 19 baadhi ya madaktari wa Ulaya na Marekani waliuvunja ukuta uliopinda kwa koleo, au waliukata kwa msumeno mdogo pamoja na utando wake. Pua ikazibuka lakini wengi wakabaki na tundu ukutani. Mageuzi yalikuja mwaka 1902 na 1904, pale Otto Freer wa Chicago na Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, walipoonyesha namna ya kuuinua utando kwanza, kuondoa kilichopinda chini yake, kisha kuurudisha utando. Katika miaka ya 1940 Maurice Cottle, naye wa Chicago, alihimiza kuihifadhi gegedu na kuinyoosha badala ya kuitupa. Mpaka leo mapasuaji hufuata njia hiyo: huacha nguzo ya gegedu juu na mbele ili pua isibonyee.

Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, au mara nyingine hutiwa ganzi. Mkato hufanywa ndani ya tundu la pua, kwa hiyo usoni hakubaki kovu. Utando huinuliwa, gegedu na mfupa uliopinda hunyooshwa au hupunguzwa, na utando hushonwa kwa uzi unaoyeyuka. Kazi yenyewe huchukua kama nusu saa hadi saa moja na nusu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake. Kwa mtoto, upasuaji huu kwa kawaida huahirishwa hadi pua imalize kukua, yaani ujana wa miaka 16 au zaidi, isipokuwa kama hali ni mbaya sana.

Je, unasaidia? Kwa muda mrefu swali hili lilijibiwa kwa mazoea tu. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya watu wazima 203, na mwaka 2023 wenzao wa Uingereza walitoa ya watu wazima 378 katika hospitali 17. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipasuliwa, wengine walitibiwa bila kisu. Huko Uingereza, katika kipimo cha usumbufu cha alama 0 hadi 110, baada ya miezi 6 waliopasuliwa walikuwa na wastani wa alama 20 hivi, na waliopewa dawa za kupuliza alama 40 hivi. Utafiti wa Uholanzi nao ulionyesha kwamba waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi. Kwa hiyo, kwa aliyechaguliwa vizuri, kisu kina faida.

Lakini hakuna upasuaji usio na mashaka. Damu huweza kutoka, vijidudu huweza kuingia, meno ya juu ya mbele huweza kufa ganzi kwa muda, tundu huweza kubaki ukutani, sura ya pua huweza kubadilika kidogo, na pengine ukuta huweza kupinda tena. Mwenye mzio ataendelea kuwa nao. Anayekoroma asiahidiwe kwamba kukoroma kutakoma, kwa sababu aghalabu chanzo chake kiko pia kooni. Na ambaye hukatika pumzi usingizini anahitaji uchunguzi wake maalumu.

SIKU ZA KUUGUZA

Baada ya upasuaji pua huziba kwa wiki moja au zaidi, kwa sababu ya uvimbe na magamba ya damu. Wengi huvunjika moyo siku hizo wakidhani kazi haikufanikiwa. Mgonjwa alale kichwa kimeinuliwa kwa mito, asipenge kamasi mpaka daktari amruhusu, apige chafya kinywa wazi, asiinue mizigo, asivute sigara, na aoshe pua kwa maji ya chumvi kama alivyoelekezwa. Kwa kazi za ofisini wiki moja hutosha wengi. Mbeba mizigo au mchezaji wa mpira anahitaji zaidi. Matokeo kamili huonekana baada ya miezi michache. Homa, maumivu yanayozidi au damu isiyokatika ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja tarehe.

Kwa aliye Tanzania, safari ianzie zahanati au kituo cha afya cha karibu, ambako mgonjwa ataandikiwa barua ya kwenda mbele ikibidi. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina idara za masikio, pua na koo. Kabla ya kukubali kupasuliwa, muulize daktari maswali manne: Ukuta wangu umepinda wapi, nami nione? Kuna jambo jingine linaloniziba? Nimeshajaribu dawa kwa muda wa kutosha? Na gharama ni kiasi gani, bima yangu inalipia sehemu ipi? Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo. Nenda pia na kichupa cha dawa unayoitumia, hata kama unaona haya kukionyesha. Daktari akikiona, huenda ukapona bila kisu.